Laptopu ya Kijivu na Maneno ya Baba

Mimi nilijua kupiga taipureta kabla sijajua kukaanga samaki wakageuka vizuri, na sioni haya kulisema. Miaka ile ya tisini, ukifika Homa Bay ukitaka barua ya kesi ya shamba, kumbukumbu za mkutano wa harambee au programu ya mazishi, ulielekezwa kwenye meza yangu, barazani, ng'ambo ya soko. Watu walikuwa wakisimama nyuma yangu kutazama vidole tu. Nami nilijua wanatazama, basi naongeza mwendo. Kwa hiyo ninapoeleza jinsi nilivyoichagua laptopu yangu ya kwanza, mniamini kwamba nilijua nilichokitaka. Lakini nitaeleza pia jinsi mashine hiyo hiyo ilivyokaribia kunifanya nimnyime mwanamke mmoja mzee nafasi yake katika nyumba ya baba yangu.

Taipureta ina tabia moja mbaya: ukikosea, umekosea. Na programu ya mazishi kwetu haiandikwi na mtu mmoja, inaandikwa na ukoo. Unamaliza ukurasa, shangazi anashuka kwenye gari kutoka Karungu anasema mtoto wa tatu amesahaulika. Unaanza upya. Unamaliza, ami anakuja na jina la babu lililoachwa. Siku moja nilichapa maisha ya marehemu yule yule mara sita, na mara ya sita nikapiga meza nikawaambia wenye msiba, "Marehemu mwenyewe angekuwa hai angeshachoka na nyinyi!" Nilijuta kidogo, si sana. Siku hiyo niliamua nitanunua kompyuta, na iwe ile ya kubebeka yenye betri yake, kwa sababu umeme wetu ulikuwa unakuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu.

Nikasikia kuna mfanyabiashara Migori ameleta laptopu mbili zilizokwisha kutumika. Nilipitia nyumbani, upande wa Karungu, kumwambia baba. Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, miaka sabini na kitu, macho yameanza kuingia ukungu, na aliamini hakuna kitu kinachouzwa chini ya jua ambacho yeye hawezi kukichagua. Akavaa koti.

"Kompyuta umeiona wapi, baba?" nikamuuliza.

"Na ng'ombe wa kwanza niliyemnunua nilikuwa nimemwona wapi?"

Tukaenda naye.

Duka lile liliuza redio na kanda na betri za magari. Mwenyewe alikuwa Msabato mpole, amefunga tai siku ya Jumatatu. Laptopu mbili zilikuwa juu ya kaunta. Moja ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa, na kioo chake kilikuwa na rangi zote, samaki wa rangi ya machungwa wakipita huku na huku. Mwenye duka hakuacha kuisifu. Hii ndiyo ya kisasa, hii ndiyo wanayotumia wakubwa Nairobi, hii wasichana wa ofisini wanaililia. Mimi nilishaanza kuipenda, sitadanganya.

"Kizuri chajiuza," baba akasema, "kibaya chajitembeza. Na hii nyingine mbona huisifu?"

Ile nyingine ilikuwa ya kijivu, nene, imemeguka pembeni. Kioo chake hakikuwa na rangi, na herufi ya A ilikuwa imefutika kwenye kibonye kwa kubonyezwa sana. Nilimwambia baba kwamba hiyo imechoka. Akanijibu kwamba jembe lililong'aa mpini kwa mikono ya watu ni jembe linalolima. Kisha akamgeukia mwenye duka.

"Chomoa hizo nyaya. Zote mbili."

Zikachomolewa. Baba akaomba kiti, akatuma chai kwenye hoteli ya jirani, akakaa.

"Mwalimu, unangoja nini?" mwenye duka akauliza.

"Nangoja zichoke. Ng'ombe wa mnadani hunyweshwa maji ili tumbo lipendeze. Mnunuzi mwenye akili humngoja akojoe kwanza."

Wateja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini, yawa, chai ya baba haijapoa, ile nyeusi ikalia kidogo na samaki wake wote wakatoweka. Mwenye duka akasema ilikuwa haijachajiwa vizuri. Baba hakumjibu, alipuliza chai yake.

Ile ya kijivu iliendelea. Nikaanza kuichapia, kwanza kwa dharau, baadaye kwa furaha. Vibonye vyake vilikuwa laini na vilirudi upesi. Nilichapa barua ya kesi niliyoikumbuka kwa moyo, nikakosea mstari mzima kwa makusudi, kisha nikaufuta. Mistari ya chini ikapanda ikaziba pengo. Nilicheka peke yangu.

"Baba, inafuta!"

"Inafuta nini?"

"Chochote."

Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Na palipofutwa panabaki alama?"

"Hapabaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

Nilidhani anapima ubora wa mashine. Tulikaa pale mpaka baba akamaliza chai ya pili na mandazi mawili, na laptopu ya kijivu bado inaniangalia. Bei yake ilinitoa jasho, lakini niliilipa na kuibeba kifuani kama mtoto mchanga, nimeifunika kwa shali ya kitindamimba wangu.

Kazini niliiwekea sheria. Aliyekula omena, dagaa wetu wa ziwani, hagusi mpaka anawe kwa sabuni. Anayetaka kuonyesha kosa aonyeshe kwa kidole bila kugusa kioo. Kila ukurasa nilikuwa nausevu, yaani nauhifadhi, kwenye diski, maana wiki ya kwanza umeme ulikatika, betri sikuwa nimeirudisha mahali pake, na hotuba ya arusi ikaenda na maji. Nilipiga kelele mpaka mchinjaji wa jirani akaja na kisu chake kuniokoa.

Siku nyingine niliiacha juani, dirishani, na kioo kikageuka cheusi chote. Nililia machozi kabisa. Nikaifunga, nikaiweka sakafuni penye baridi nikiomba Mungu, na jioni nilipoifungua herufi zilikuwa zimerudi. Baada ya hapo nilijiona fundi. Wazee walikuja kuniuliza maneno yanakwenda wapi ukizima, nami niliwaeleza kwa sauti ya daktari, ingawa sikujua.

Pasaka ilipofika nikaibeba nyumbani. Kwetu hakukuwa na umeme, lakini ufuoni palikuwa na mtu mwenye jenereta aliyewachajia watu betri za redio, na aliniruhusu kuchomeka yangu kati ya zile. Nikarudi imeshiba. Baba alikuwa ananingojea sebuleni, amefunga mlango. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanika omena.

"Nyara," baba akasema, yaani binti yangu, "nataka uandike maisha yangu."

"Maisha gani?"

"Yale yanayosomwa."

Nilishtuka. Kwetu mtu aliye hai haandikiwi maneno ya kaburini. Kufanya hivyo ni kukiita kifo kwa jina, na hata mimi niliyeyachapa mamia kwa mamia ya watu wengine, sikuifungua mashine.

"Baba, hayo hayafanywi. Unajua hayafanywi."

"Kwenye karatasi hayafanywi," akasema. "Lakini umeniambia mwenyewe kwamba ukizima hayaonekani, na ukifuta hapabaki alama. Kitu kisichoonekana na kisicho na alama, kimeandikwa?"

Ukibishana na mwalimu mkuu, utashindwa tu. Akaniambia amekaa mazishi mengi mno akisikia wezi wakisomwa kama malaika, na alitaka yake ayasikie kwa masikio yake, ayasahihishe mwenyewe. Nikaifungua mashine.

Alisema kwa Dholuo, lugha yetu, polepole, kama anayesomea darasa imla. Mahali alipozaliwa. Shule ya kwanza, viboko, cheti. Shule alizofundisha. Mimi nilimkimbiza bila shida. Kisha akasema, "Mke wangu wa kwanza," na jina lililofuata halikuwa la mama yangu. Lilikuwa jina ambalo sijawahi kulisikia maishani.

Vidole vilisimama. Yeye hakusimama. Akasema alimwoa kwa ng'ombe, akakaa naye miaka sita bila mtoto, "kisha akaondoka nyumbani kwangu." Sasa alikuwa mzee, anaishi Rongo kwa mtoto wa kaka yake. Ng'ombe hawakurudishwa kamwe, na ng'ombe wasiporudi, ndoa ipo.

"Wadogo zangu wameapa jina lake halitatajwa siku yangu," akasema. "Likikosa kutajwa, hatakuwa na mahali hapa, hata pa kuzikwa. Nataka asomwe wa kwanza. Wa kwanza kabisa, halafu mama yako. Ndiyo maana sikuwaita wao, nimekuita wewe."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mama yangu! Mama aliyemzalia watoto saba, aliyetulipia shule kwa karai la samaki kichwani, aliyemkanda miguu alipougua, leo awe wa pili kwa mtu ambaye hata mbwa wetu hawamjui? Nilichapa alivyotaka. Lakini baba alipotoka nje kwenda haja, nilichukua fungu zima la mama nikalipandisha juu, na yule mwingine nikamshusha chini, mstari mmoja na nusu. Ilichukua muda wa kumeza mate. Mistari ikajipanga, safi, hapana alama.

Baba aliporudi akaniambia, "Soma." Macho yake hayakuweza kuona herufi. Nikamsomea kwa mpangilio wake yeye, kutoka kichwani, huku kioo kikisema mengine. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Baba akaitikia kwa kichwa akasema ahsante, na kwa kweli nilijiona nimefanya jambo la haki. Siku ya siku ningechapa nilichokisevu, na nani angejua?

Asubuhi yake mama akaingia sebuleni. Alikuwa amenawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Akakaa mbele ya mashine.

"Nionyeshe aliyosema baba yako."

"Ni barua tu, mama."

"Nyumba hii ina kuta za udongo, nyathina, mwanangu. Nionyeshe."

Mama alifundishwa kusoma na wamishonari wa kike kanisani, na alisoma kwa kidole. Alisogeza kidole hewani, bila kugusa kioo, kama nilivyoagiza kila mtu, neno kwa neno. Akafika pale jina lake mwenyewe lilipotangulia. Kidole kikasimama.

"Haya ni maneno yake?"

Nikataka kuifunga mashine.

"Nakuuliza."

"Ni yangu, mama. Wewe ndiye uliyemtunza. Wewe ndiye—"

"Unataka kuniletea chira?"

Aliinuka. Mama hakuwa mtu wa kelele, na siku ile pia hakupiga kelele, ndiyo maana niliogopa zaidi. Chira ni balaa linaloingia nyumbani kwa mtu aliyevuruga mpangilio, likawala watoto na wajukuu, na hakuna Mluo asiyelijua hilo, aende kanisani asiende. Akanivuta mkono mpaka dirishani.

"Nyumba yangu imejengwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni pembeni. Na pale katikati, mbele ya lango, pana nini?"

Palikuwa na sukumawiki. Nilikuwa nimezichuma tangu utoto na sikuwahi kuuliza kwa nini mahali pazuri kuliko pote bomani pamepandwa mboga.

"Unadhani nilikosa miti ya kujenga?" mama akasema. "Pale ni pake, pa mke wa kwanza. Nimepanda mboga isije ikaota nyasi, basi. Mimi nilimkuta. Kila mwaka nalima pale nikijua nalima kwa mtu. Na wewe, kwa kidude chako, unanikalisha juu ya kiti chake kama mwizi! Mrudishe."

Nikamrudisha. Nilikuwa nalia, na sijui nililia kwa aibu au kwa hasira iliyokosa pa kwenda. Mama alisoma tena tangu mwanzo kuhakikisha.

"Sasa umpelekee ayasikie," akasema. "Mtu hasemwi mbele za watu bila yeye kuulizwa."

Nikaenda Rongo, laptopu ndani ya shali. Nilimpata nyuma ya soko, kwenye nyumba ya mtoto wa kaka yake, amekaa kwenye mkeka anabambua njugu karanga. Mwanamke mrefu, mweusi, mgongo umenyooka. Nikasema mimi ni binti wa mwalimu wa Karungu. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Una paji lake la uso," akasema. "Kaa."

Nilimweleza mashine ni nini na nimekuja kwa nini. Sikumficha ni maneno ya aina gani. Hakushtuka, akasema tu kwamba mtu huyo siku zote alipenda kutangulia mbele ya mambo. Nikaiweka juu ya kigoda, nikamsomea. Mikono yake iliendelea na njugu. Nikasoma jina lake, kwamba yeye ni wa kwanza. Mikono ikaendelea. Nikasoma, "kisha akaondoka nyumbani kwangu."

Mikono ikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hilo neno liko wapi? Nionyeshe."

Nikamshika kidole, nikakipeleka mpaka kwenye kioo chenyewe, nikakigusisha. Sheria zangu zote nilizisahau.

"Dogo hivi?" akasema. "Basi ni la uongo. Mimi sikuondoka. Mkeka wangu ulitupwa nje, na chungu changu kikatupwa juu ya mkeka kikavunjika, na mvua inanyesha. Yeye amesimama mlangoni anatazama. Nikatembea na mvua ile mpaka kwa baba yangu. Hiyo mashine inafuta?"

"Inafuta."

"Futa."

Nikafuta.

"Andika nilifukuzwa."

Nikaandika. Nikamuuliza kama kuna jingine, nikamwambia kwamba baba amesisitiza asomwe wa kwanza. Akapungia mkono kama anayefukuza nzi. "Ya kwanza na ya pili mtayajua nyinyi wenye boma. Mimi nilikuwa na hilo tu." Akanifungia njugu kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani, na tulipoagana aliniita mwanangu. Niligeuza uso.

Nilifika nyumbani alasiri. Baba na mama walikuwa wamekaa pamoja sebuleni, na nikajua kwamba mama ameshamwambia kila kitu, pamoja na ujanja wangu. Baba hakuutaja. Akasema tu, "Soma, na safari hii usome kilichoandikwa."

Nikasoma. Nilipokaribia neno lile nikaliona linakuja, na nakiri niliwaza kuliruka, kwa maana kuruka nilikuwa najua. Sikuliruka. "Kisha akafukuzwa nyumbani kwangu."

Baba akageuza uso kwangu.

"Nani amekwambia uandike hivyo?"

"Mwenyewe, baba."

"Alisemaje?"

Nikamweleza juu ya mkeka, na chungu, na mvua, na mlangoni.

"Alikumbuka chungu?"

"Alikikumbuka."

Baba alilia. Mimi sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata alipomzika mama yake, na nikatafuta la kufanya kwa mikono yangu. Nikaishika mashine. "Baba, naweza kulibadilisha. Naweza kulilainisha kidogo, wala hapatabaki—"

"Nyamaza, wewe," mama akasema.

Baba alipangusa uso kwa kiganja. "Hujaandika nani aliyemfukuza," akasema. "Andika ni mimi. Andika na kosa halikuwa lake."

Nikaandika. Nilitaka kumsomea nilichoandika, lakini aliinua mkono kunizuia, kisha akamgeukia mama.

"Kesho mnipeleke Rongo," baba akamwambia.

"Nitaibeba, baba? Betri bado ina—"

"Iache hapa. Hilo nitamwambia kwa mdomo wangu."